Dakika 60 za Mjomba

Mjomba alinipigia simu Jumapili moja mchana. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali ya watoto, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Hivi mjomba," akasema (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili), "yule kijana wetu wa kuruka mashimo, mwenye nguo nyeupe, bado yupo?"

Sikuhitaji kuuliza kijana gani. Mwaka 1997 mjomba alikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha Tanga, na ofisi ilipoleta kompyuta mpya, yeye akauziwa ile iliyokuwa inatolewa. Prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa 486, mfumo wa kuiendesha MS-DOS 5, bila mausi, bila kadi ya sauti. Ikawekwa sebuleni juu ya meza ya cherehani na kufunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio. Jioni mjomba akirudi kazini, akishavua shati la ofisi na kunywa chai, alikaa mbele yake kwa fulana na kikoi, akaandika neno moja, prince, na sisi watoto tukajipanga nyuma ya kiti.

Gemu yenyewe ni Prince of Persia. Aliitengeneza Mmarekani Jordan Mechner, ikatoka kwanza kwenye kompyuta za Apple II mwaka 1989, na toleo la DOS likafuata mwaka 1990. Mechner alimpiga picha za video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akachora juu ya picha zile moja baada ya moja. Ndiyo maana yule kijana hatembei kama katuni. Akikimbia na ukamwachia ghafla, huteleza hatua moja kabla ya kusimama. Akikosa ukingo wa ukuta, hushika kwa ncha za vidole, na mguu unatafuta pa kukanyaga. Waziri mwovu amemfungia binti wa mfalme, saa ya mchanga imegeuzwa, na wewe uliye chini gerezani una dakika 60 kumfikia. Ukifa unarudishwa mwanzo wa ngazi uliyofia, ila dakika ulizopoteza hazirudi.

Mjomba hakuwahi kuimaliza. Alifika kwenye kile kioo kinachokata njia, akajifunza kwamba dawa yake ni kukirukia kwa kasi, na kivuli chake mwenyewe kikatokea upande wa pili kikakimbia. Usiku ule alitusimulia mara tatu, ingawa wote tulikuwepo. Kisha mwaka 2001 umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta haikuwaka tena.

Sasa amestaafu. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho mwezi mmoja kabla ya simu ile, macho yanaona vizuri, na anataka kumaliza gemu yake. Wiki hiyo hiyo akanitumia kwa basi kopo la biskuti lililozungushiwa selotepu. Ndani mlikuwa na flopi 11, zile diski za plastiki tulizohifadhia mafaili zamani.

Nianze na kosa langu, maana lilinigharimu. Nilinunua draivu ya flopi ya kuchomeka kwa USB, na kwa haraka zangu nikachukua flopi ya juu kabisa kwenye kopo, nikaisukuma ndani. Ilitoa sauti ya kukwaruza. Nikaitoa, nikaweka ya pili, ikakwaruza nayo. Ndipo nikasogeza kile kifuniko cha bati kwa kidole na kutazama kwenye mwanga wa dirisha, nikaona madoa ya kijivu kwenye ile filamu nyeusi, kama ukungu kwenye mkate. Hewa ya pwani ina unyevu, na flopi zilizokaa miaka zaidi ya 20 kabatini hushika ukungu. Flopi ya kwanza ilikuwa imeuacha ukungu kwenye kichwa cha kusomea, na kichwa hicho kikaenda kuichuna ya pili. Ile ya pili ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa mjomba: BARUA 98. Haikusomeka tena. Nilimpigia nikamweleza ukweli wote. Akasema hakumbuki zilikuwa barua za nini, lakini alichukua muda kabla ya kusema hivyo.

Tangu siku ile, kabla ya kuchomeka chochote nazitazama flopi zote kwa mwanga, moja moja, huku nazizungusha kwa kidole. Safi zinatangulia. Zenye madoa zinasubiri mpaka zisafishwe taratibu kwa pamba na spiriti ile isiyo na maji mengi, na kichwa cha draivu kinasafishwa kila baada yake. Na sikopi faili moja moja tena. Nachukua nakala ya diski nzima kwa mpigo, sekta kwa sekta, iwe faili moja kwenye kompyuta, kwa sababu flopi iliyozeeka inaweza kukupa nafasi moja tu ya kuisoma. Nilizozisoma kwa utaratibu huo ni tisa, na kwenye mojawapo alikuwemo yule kijana.

Nilipobofya faili lake kwenye laptopu, Windows ikanijibu kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako. Ujumbe huu umewavunja moyo watu wengi ninaowajua. Wanausoma kana kwamba gemu imeoza. Faili la mjomba lilikuwa zima, halijapungua hata herufi moja. Prosesa za Intel kuanzia 386 zilikuwa na hali maalumu ya kujifanya prosesa kongwe ya 8086, na Windows iliitumia hali hiyo kuendesha programu za DOS ndani yake. Prosesa ikiingia kwenye hali ya biti 64, ambayo kompyuta za leo huitumia, mlango ule haupo. Kwa hiyo Windows yoyote ya biti 64 haina pa kuiweka programu ya DOS, hata ikiipenda vipi. Gemu inauliza nyumba ambayo imebomolewa.

Nililijua hilo kwa sababu si mara yangu ya kwanza kuhangaika na gemu kuukuu, na kila niliyohangaika nayo ilinifundisha upande mmoja wa jambo hilo hilo. Chuoni, mwaka 2011, nilikuwa na laptopu ya Windows 7 na CD ya Age of Empires, gemu ya mwaka 1997. Ilifunguka bila shida, lakini majani yalikuwa ya zambarau na maji yana madoa mekundu. Nilidhani kadi ya picha imekufa. Jamaa mmoja wa bweni la jirani akaja, akafungua Task Manager, akaiua Explorer, ile programu inayochora eneo la kazi na mstari wa chini wenye saa. Kila kitu kikatoweka kwenye skrini, akaiwasha gemu, na majani yakawa ya kijani.

Nilimsumbua mpaka akanieleza. Gemu za wakati ule zilichora kwa rangi 256 tu kwa wakati mmoja, na rangi hizo ziliorodheshwa kwenye jedwali moja. Gemu inaandika jedwali lake: namba 40 ni kijani cha nyasi. Explorer nayo, kwenye Windows mpya, inakuja kuandika la kwake juu ya lile lile. Ni kama watu wawili wenye chaki mbele ya ubao mmoja, kila mmoja anafuta cha mwenzake. Siku hizi sihitaji kuua kitu. Kuna programu ndogo kama dgVoodoo au cnc-ddraw. Unaziweka ndani ya folda ya gemu, gemu ikiita michoro ya zamani zinaitikia zenyewe, na kutafsiri maombi yale kwa lugha ambayo kadi ya kisasa inaielewa.

Halafu kuna ule mkasa wa visakinishi. CD nyingi za miaka ya tisini zina gemu ya biti 32 kabisa, ambayo Windows ya leo inaweza kuiendesha, lakini kile kiprogramu cha kuisakinisha ni cha biti 16, ambacho Windows ya biti 64 haikiendeshi. Mlinzi wa geti ni mzee kuliko nyumba anayoilinda. Watu wanatupa CD nzima kwa sababu ya mlinzi. Mimi huweka Windows 98 au XP ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, nasakinisha humo, kisha nalitoa folda lililosakinishwa na kulileta nje. Mara nyingi linafanya kazi. Na CD zenye SafeDisc, kinga ya kuzuia kunakiliwa, zina mkasa wake: kinga ile ilitegemea draiva, kiprogramu kilichokaa ndani kabisa ya Windows, draiva ikaonekana ni mwanya wa usalama, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuwa nayo. Nina CD halali niliyoilipia kwa akiba ya miezi mitatu, na haifunguki kwa sababu ya kitu kilichowekwa ili kuhakikisha nimeilipia. Linaniuma mpaka leo. Mwenye gemu ya aina hiyo aangalie kama inauzwa upya na maduka ya mtandaoni kama GOG, ambayo tangu mwaka 2008 yanauza gemu za zamani zilizokwisha kurekebishwa na zisizo na kinga.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni Quake.

Quake, gemu ya kupiga risasi ya mwaka 1996, niliicheza tangu nikiwa sekondari. Tuliipata kwenye CD iliyochomwa pamoja na gemu nyingine ishirini, folda juu ya folda. Niliijua kila kona. Niliijua kama gemu ya ukimya: nyayo zako, mlango wa chuma unaosaga, mnyama anayeguna mahali usipomwona. Niliupenda ukimya ule na nilidhani ndivyo ilivyokusudiwa. Miaka mingi baadaye mfanyakazi mwenzangu alikuwa anahama, akanigawia CD zake, na mojawapo ilikuwa Quake ya asili. Binti yangu, aliyekuwa na miaka mitano, akaichukua na kuitia kwenye redio ya CD jikoni. Wimbo wa kwanza ulikuwa kimya. Akabonyeza kwenda wa pili.

Ulitoka mngurumo mzito, kama upepo ndani ya bomba la chuma, na chini yake kitu kinachopumua. Nilikuwa nakata kitunguu, nikaacha kisu. Muziki ule ni wa Trent Reznor na kundi lake la Nine Inch Nails, vipande 10, na umo kwenye CD kama nyimbo za kawaida kabisa. Sehemu ya kwanza ya CD ni mafaili, zilizobaki ni sauti. Aliyetuchomea folda alichukua mafaili, na nyimbo hazionekani kama mafaili. Kwa hiyo nilicheza nusu ya gemu kwa zaidi ya miaka 15, na sikujua kuna nusu nyingine.

Sasa kila CD ya zamani ikifika mikononi mwangu, naitia kwanza kwenye redio. Ikiimba, sitengenezi nakala ya ISO, maana ISO inabeba mafaili peke yake. Natengeneza jozi ya BIN na CUE, inayobeba CD nzima pamoja na nyimbo, na DOSBox, programu nitakayoieleza sasa hivi, inaipokea kana kwamba CD imo kwenye draivu. Nimewaambia hivi watu wengi. Wengi wao walikwishakopi mafaili na kuzitupa CD.

Basi nilipofika kwa kijana wa mjomba, nilijua cha kufanya, au nilidhani najua. DOSBox ni programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2002, na kazi yake ni kujifanya kompyuta nzima ya zamani: prosesa, kadi ya picha, kadi ya sauti, DOS yenyewe. Nikatengeneza folda, na ili kuionyesha DOSBox folda hiyo nikaandika

mount c c:\gemu

nikaenda c:, nikaandika prince. Kijana akaanguka ndani ya gereza, lango likajifunga, akainuka. Dakika tatu zilinitosha kupata jibu ambalo nilitenga wikendi nzima kulitafuta.

Kwa furaha nikafungua flopi iliyofuata. Humo mlikuwa na ile nyoka, NIBBLES, iliyoandikwa kwa QBasic, lugha ya kuandikia programu, na iliyokuja na MS-DOS 5. Hii ndiyo gemu tuliyoruhusiwa watoto, kwa sababu mjomba aliamini haiwezi kuharibu kompyuta. Nyoka inakula namba na kurefuka, basi. Nikaona mashine yangu ina nguvu, kwa nini niibane? Nikafungua faili la mipangilio la DOSBox, nikatafuta mstari wa cycles, yaani kiasi cha kazi ambacho ile kompyuta ya kuigiza inafanya kila milisekunde, nikaandika max. Nikawasha nyoka. Ikauliza wachezaji wangapi, nikajibu. Ikauliza kasi, nikajibu. Kisha ikafa hapo hapo kwa kosa la kugawanya kwa sifuri.

Kugawanya kwa sifuri, kwenye gemu ya nyoka! Nikarudia, ikafa tena. Nikadhani flopi imeharibu faili. Kwa bahati gemu za QBasic huja zikiwa maandishi matupu, unaweza kuzisoma kama barua, nikakaa nikaisoma mstari kwa mstari. Sehemu iliyoua iko karibu na mwanzo. Programu inaitazama saa. Kisha inahesabu kutoka 1 mpaka 1,000 bila kufanya jambo lolote lingine. Kisha inaitazama saa tena, na kugawanya kwa tofauti ya muda, ili ijue kompyuta hii ina kasi gani na nyoka atembee vipi. Mwandishi alikuwa muungwana: alitaka nyoka aende mwendo mmoja kwenye kompyuta ya tajiri na ya maskini. Lakini saa ya kompyuta zile hupiga kama mara 18 kwa sekunde. Mashine ya mjomba ilichukua muda kufika 1,000, na saa ikapata nafasi ya kupiga. Mashine yangu ilimaliza kuhesabu kabla saa haijatikisika hata mara moja. Muda wa pili kutoa muda wa kwanza, jibu ni sifuri, na hapo nyoka akafia.

Nilikaa pale muda mrefu nikiutazama mstari ule. Mtu aliyeuandika hakufanya kosa lolote ambalo angeweza kuliona. Alihesabu kwa mashine aliyokuwa nayo mbele yake, na hakuna aliyemwambia kwamba siku moja elfu moja itakuwa si kitu. Ugonjwa wa namna hiyo uliwakumba hata waandishi wa programu za kazini: zile zilizoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal zilipofika kwenye prosesa za Pentium zenye kasi ya karibu MHz 200 na kuendelea, zilianza kuanguka zikiandika Runtime error 200, na sababu ni hesabu ya aina hiyo hiyo, kupima kasi ya mashine kwa kuzungusha kitanzi.

Dawa ilikuwa kupunguza. Nilirudisha cycles kwenye 3000, nikaiwasha upya, na nyoka akatambaa. Ukiwa ndani ya gemu, Ctrl na F11 hupunguza kasi, Ctrl na F12 huongeza, ila nyoka huyu anapima mara moja tu mwanzoni, kwa hiyo ukibadilisha katikati anabaki na hesabu ya zamani. Prince haikujali kabisa. Hata kwenye max kijana alitembea vile vile, kwa sababu yeye hufuata saa moja kwa moja, hahesabu vidole vya mashine. Sasa mtu akiniletea gemu ya DOS inayokimbia kama imefukuzwa, au inayokufa kabla ya kuanza, sigusi kingine kabla ya kasi. Naanza chini, napanda taratibu mpaka miguu na muziki viende sawa.

Nilikwenda Tanga wiki mbili baadaye. Kabla ya mjomba kuketi, mjukuu wake wa kidato cha pili alinivuta pembeni na laptopu yake. Anacheza GTA San Andreas, toleo la kompyuta la mwaka 2005, na ndege ya majini, ile Skimmer, imetoweka. Ilikuwepo, akasasisha Windows 11, haipo tena. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba ameweka vikorokoro vya kuipamba gemu na ndivyo vilivyoharibu. Akasema hajaweka. Sikumwamini, nikaenda kutafuta ushahidi, na ushahidi ukamtetea yeye.

Mtaalamu mmoja wa kurekebisha gemu zile, anayejulikana kwa jina la Silent, alilifukua jambo hilo mwaka 2025. Kwenye faili la orodha ya magari na ndege, mstari wa Skimmer una upungufu: haukuandikiwa ukubwa wa magurudumu kama ndege nyingine. Katika Vice City, gemu ya GTA iliyoitangulia San Andreas, chombo hicho hicho kiliorodheshwa kama boti, na boti haina magurudumu. Gemu ikiusoma mstari haikupata namba, na haikuwa na namba ya akiba, ikaokota tu iliyokuwa imebaki kwenye kumbukumbu kutoka gari lililosomwa kabla yake. Namba ile ya kuokota ilikuwa ya maana, kwa bahati, kwa karibu miaka 20. Toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 likabadilisha utendaji wake wa ndani kabisa, likaanza kuandika juu ya pale pale, na gemu ikaokota takataka. Hakuna aliyeigusa San Andreas. Nilimwomba kijana msamaha mbele ya babu yake, tukaongeza namba zilizopungua kwenye mstari ule, na ndege ikarudi kwenye maji.

Kisha mjomba akaketi. Amevaa fulana na kikoi. Nilimfungulia laptopu, skrini nzima, sauti juu. Alitazama muda, akainamisha kichwa upande.

"Mbona kijana amenenepa?"

Nikacheka, kisha nikatazama vizuri. Kweli alikuwa mnene, mfupi, amebanwa kichwani. Gemu za DOS nyingi huchora picha ya pikseli 320 kwa 200, lakini skrini za enzi zile zilikuwa karibu na mraba, na picha ilivutwa kwenda juu mpaka ijae. Aliyemchora kijana alimchora akijua atavutwa. Nilikuwa nimemtazama wiki mbili na sikuliona, na mjomba, kwa jicho jipya, aliliona kwa sekunde kumi. Kwenye mipangilio nikaandika aspect=true, na kijana akarefuka, akapata mabega yake.

Bado mjomba hakugusa kibodi. Muziki wa mwanzo ulikuwa unapiga, mzuri, kwa kadi ya sauti ya Sound Blaster ambayo DOSBox hujifanya inayo. Nilijivunia sauti ile. Mjomba akasubiri uishe.

"Huu si mlio wake," akasema. "Wake ulikuwa unalia kwa ndani. Pi, pi."

Kompyuta yake haikuwa na kadi ya sauti. Miaka ile yote aliisikia gemu kwa kispika kidogo kilichofungwa ndani ya boksi, kile cha kulia pi unapoiwasha mashine. Nilikuwa nimemletea kompyuta ambayo hakuwahi kuwa nayo. Nikafungua mipangilio tena, nikaandika sbtype=none, na chini yake oplmode=none, nikaacha kispika peke yake. Nikaiwasha upya. Wimbo ukatoka mwembamba, wa pua, noti moja moja. Mkaza mjomba akaita kutoka uani: "Leo mmeiwasha kompyuta?"

Mjomba akaweka mikono kwenye kibodi ya laptopu, akapapasa upande wa kulia, hakupata alichokuwa anakitafuta. Vidole vyake vilijifunza kwenye namba za pembeni: nne na sita kukimbia, saba na tisa kuruka, mbili kuinama. Laptopu yangu haina namba zile. Tulimtuma mjukuu dukani, akarudi na kibodi ya USB ya elfu kumi na tano, nzito, yenye namba zake zote. Nikaichomeka.

Alikufa mara mbili kwenye miiba ya chini na mara moja kwa kusahau kushika Shift ukingoni. Mara ya nne akalipata panga, akamshinda mlinzi wa kwanza, akapanda ngazi za mlango. Hakusema neno. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe kirefu cha chini, kama kilivyokuwa kikienda zamani, na chini ya skrini ikaandikwa kwamba zimebaki dakika 53.

Mjukuu akavuta stuli, akaketi nyuma ya kiti.